Barua ya wazi kwa wasimamizi wa gridi ya pamoja: tuambieni kikomo cha kila njia ya umeme

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya nishati wa Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia,
Wakuu wa mamlaka za udhibiti wa nishati katika nchi hizo,
Bodi Huru ya Udhibiti ya EAPP, umoja wa gridi za umeme za mashariki mwa Afrika.

YAH: KUWEKA WAZI NA KUDHIBITI KISHERIA VIKOMO VYA USAFIRISHAJI WA UMEME KATIKA GRIDI YA PAMOJA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa Himo, mkoani Kilimanjaro, mwenye mashine za kukoboa na kusaga mahindi. Malalamiko yangu niliyapeleka kwanza kule yanakopaswa kwenda: kwa simu, kwa barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na kwa kufika mwenyewe ofisini. Nilipokelewa kwa heshima na sina ugomvi na mtumishi yeyote. Ila jibu lilikuwa lile lile, kwamba tatizo ni la gridi na mambo ya gridi hayaamuliwi pale. Nikiuliza yanaamuliwa wapi, mazungumzo yanaishia hapo. Nimeona niandike hadharani, labda barua hii itamfikia mwenye jibu.

Niseme mapema kwamba sipingi kununua umeme wa Ethiopia. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkoani kwetu, alieleza kwa nini kanda ya kaskazini inahitaji umeme unaopitia Kenya: kuuleta huku kutoka mitambo ya mbali kunapoteza umeme wenye thamani ya takribani shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mitandaoni watu walikuja juu. Tumejenga Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, wakati mahitaji ya juu ya nchi nzima yalikuwa takribani megawati 1,900. Iweje tuombe umeme kwa jirani?

Sisi tulio mwisho wa waya tulielewa haraka. Umeme wa bwawa hilo, lililoko mto Rufiji, unapanda hadi Chalinze kwa njia ya msongo wa kilovoti 400, kama kilomita 160. Kutoka hapo kuja kwetu, njia iliyokuwepo tangu zamani ni ya kilovoti 132, inayopita Hale na Same hadi kituo cha Kiyungi, karibu na Moshi. Hata ukiongeza mabwawa mawili kama lile, waya ule hauongezeki unene. Kila njia ina kiasi inachoweza kupitisha, na kiasi hicho ndicho kinachoamua nani anapata umeme, wa nguvu gani, na saa ngapi. Mwaka ule serikali ilieleza hasara kwa shilingi, jambo jema. Kikomo chenyewe hakikuelezwa, na kelele zote zile zilitokana na hapo.

Hoja zangu ni hizi.

1. Umeme mdogo wa jioni

Mota ya kinu changu ni ya fezi tatu. Kwenye ubao wa swichi kuna mita ya volti ambayo mshale wake unatakiwa usimame kwenye 400. Ikifika saa moja jioni, watu wamewasha taa, pasi na televisheni, mshale unashuka hadi 340, siku nyingine chini ya hapo. Sauti ndiyo hubadilika kwanza; mota inaanza kunguruma chinichini. Mkanda unateleza, unga unatoka wa moto mkononi na chenga zake hazijasagika sawasawa. Ukichelewa kuzima unasikia harufu ya vanishi, na hapo umeshakwisha. Mota ikipewa volti ndogo haipunguzi kazi, inavuta ampea nyingi zaidi ili kuusukuma mzigo ule ule, na ampea hizo zinageuka joto ndani ya shaba. Fundi wa kusuka mota akiifungua hunionyesha waya uliogeuka mweusi upande mmoja. Yeye hakosi kazi. Nadhani ndiye mtu pekee hapa mjini anayezipenda jioni.

Najua nitaambiwa hiyo ni transfoma ya mtaa, haihusiani na gridi ya nchi nne. Inawezekana. Basi nionyesheni kumbukumbu za volti za kituo cha kupoza umeme cha Kiyungi kwa saa hizo hizo. Zikiwa sawa nitarudi kwenye transfoma yangu na kunyamaza. Zikiwa zimeshuka pale pale kituoni, tatizo liko juu zaidi, nanyi mnalijua kuliko mimi.

Kikomo cha njia ya umeme si kimoja. Kipo cha joto: waya ukibeba mkondo mwingi hupata moto, hurefuka, na kulegea kuelekea miti iliyo chini yake. Kipo cha volti, ambacho ndicho kinachotuumiza sisi tulio mbali na mitambo, kwa sababu njia ndefu iliyobebeshwa sana hufika mwisho wake imechoka. Na kipo cha uthabiti, yaani mashine zote zilizounganishwa ziendelee kuzunguka pamoja kwa masafa ya hezi 50 hata kukitokea mshtuko. Kikomo halali ni kile kilicho kidogo kuliko vyote kwa saa hiyo. Mtu akisema njia haijajaa kwa sababu waya haujapata moto, hajasema lolote kuhusu volti zangu.

2. Namba ya sherehe na namba ya kazi

Njia ya Singida, Arusha, Namanga hadi Isinya nchini Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ilipowashwa Desemba 2024 tulitangaziwa kuwa ina uwezo wa megawati 2,000. Ile ya mkondo mnyoofu wa kilovoti 500, kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, nayo ni 2,000. Namba nzuri za kukatia utepe. Lakini Kenya yenyewe ilipoanza kununua kupitia njia ya Suswa mwishoni mwa 2022, mkataba ulianza na megawati 200. Hawakuwa wajinga.

Nchi yenye mahitaji ya megawati 1,900 haiwezi kutegemea njia moja impelekee 2,000. Njia hiyo ikikatika, nchi yote imekwenda nayo. Wahandisi wote mnaijua kanuni hii: gridi lazima ibaki imesimama hata ikipoteza kipande chake kimoja kilicho kikubwa kuliko vyote. Kwa hiyo namba ya kazi ni ndogo sana kuliko ya sherehe, na inategemea akiba iliyopo saa hiyo upande wa pili.

Tarehe 6 Septemba 2024 Kenya ilituonyesha. Njia inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ilijizima pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Ikafuatia ile ya Ethiopia iliyokuwa na 200. Megawati 488 ziliondoka, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa kwenye gridi wakati ule, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Njia zote mbili zinaishia kituo kimoja. Mtu akizipangia kikomo kila moja peke yake, karatasi zitaonyesha kila kitu kiko salama.

Wakati ule sisi wa Kilimanjaro tulisoma habari hizo kama mambo ya jirani. Miezi mitatu baadaye tukaunganishwa. Kikomo cha Suswa sasa kinanihusu mimi wa Himo, wala hakuna aliyeniuliza wala kunijulisha ni kiasi gani.

3. Waya mmoja, vikomo viwili

Hii ndiyo hoja inayonitia hofu kuliko zote.

Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006, kampuni moja ya kusafirisha umeme kaskazini mwa Ujerumani ilizima njia yake iliyokuwa ikivuka mto Ems ili meli kubwa ya abiria ipite. Ni kazi ya kawaida waliyokwisha kuifanya kabla ya hapo. Umeme uliokuwa ukipita pale ukahamia njia nyingine, mojawapo ikiwa ile ya kati ya Landesbergen na Wehrendorf, iliyokuwa na kampuni moja upande huu na kampuni nyingine upande ule. Vifaa vya kinga vya pande hizo mbili, vile vinavyokata njia vyenyewe ikizidiwa, vilikuwa vimewekewa vikomo tofauti kwa waya ule ule, na waliokuwa zamu upande wa kwanza walikuwa wakifanya hesabu bila kukizingatia kikomo cha wenzao. Walipojaribu kupunguza mzigo kwa kuunganisha nyaya kuu za kituoni kwa haraka, mzigo ukaongezeka. Njia ikajikata. Ndani ya sekunde chache gridi ya bara la Ulaya ilipasuka vipande vitatu, na nyumba zaidi ya milioni 15 zikakosa umeme.

Hao ni Wajerumani, wenye simu zinazopokelewa na wahandisi waliosoma vyuo vile vile. Sasa tazameni pale Namanga, mpakani mwetu na Kenya. Waya ni mmoja, nchi ni mbili, kampuni mbili, mamlaka za udhibiti mbili, lugha ya kiofisi ni Kiingereza kule na Kiswahili huku kwetu. Naomba kujua: kikomo cha njia ile kilichowekwa kwenye vifaa vya kinga upande wa Isinya ndicho hicho hicho kilichopo upande wetu, kituo cha Lemuguru, Arusha? Nani alivilinganisha, na mara ya mwisho lini? Upande mmoja ukibadilisha, mwingine unaarifiwa kwa utaratibu gani? Kama majibu yapo, kuyaandika ni kazi ya nusu ukurasa.

4. Nani anazimwa kwanza

Masafa yakishuka chini ya hezi 50 kwa kiasi kilichopangwa, kuna vifaa vinavyokata mzigo vyenyewe, mtaa baada ya mtaa, ili gridi nzima isianguke. Ni jambo la lazima na silipingi. Lakini mpangilio huo uliandikwa na mtu kabla. Yupo aliyekaa mezani akaamua njia ipi ya mtaa iende kwanza na ipi ibaki. Himo ni namba ngapi? Kituo cha afya chenye friji ya chanjo kiko kwenye njia ipi? Na tatizo likianzia nchi nyingine, tunakatwa kwa uwiano, au anakatwa aliye karibu na mpaka?

Mgao wa 2023 ulituumiza, lakini angalau ratiba ilitolewa. Nilijua siku yangu na nilipanga vijana wangu wasage usiku. Basi si kweli kwamba habari kama hizi haziwezi kutolewa.

5. Mwongozo usio na adhabu

EAPP iliundwa 2005, makao yake yako Addis Ababa, na Tanzania ilijiunga 2010. Kanuni za kiufundi za kuunganisha gridi zipo siku nyingi. Ninachouliza ni nini kinampata anayezivunja. Kampuni ya nchi ikivuta umeme zaidi ya ilichopangiwa kwa saa nzima, au ikipitisha kwenye njia zaidi ya kikomo kwa sababu mtambo wake umeharibika na wanasiasa hawataki kusikia neno mgao, nani anaitoza faini, na faini hiyo inaandikwa wapi tuisome?

India waliwahi kuwa na utaratibu wa kubembelezana namna hiyo. Majimbo yalikuwa yakivuta zaidi ya mgawo wao, na kituo cha kanda kinatuma ujumbe wa kuwaomba wapunguze. Tarehe 30 na 31 Julai 2012 gridi ilianguka siku mbili mfululizo, na siku ya pili zaidi ya watu milioni 600 wakaguswa. Marekani nako viwango vya usalama wa gridi vilikuwa vya hiari mpaka giza la Agosti 14, 2003 lilipowakuta watu wapatao milioni 50. Mwaka 2005 Bunge lao likavifanya kuwa sheria, na faini iliyowekwa wakati ule iliweza kufika dola milioni moja kwa siku.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho kutafuta mfano. Lori la mahindi likitoka hapa linapita kwenye mizani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, na kila dereva anajua tani 56 ndiyo mwisho, kwamba kila ekseli ina kikomo chake, na kwamba akizidisha analipa. Namba hiyo haikufichwa eti kwa sababu barabara ni mali ya taifa. Nchi zilikaa zikakubaliana kikomo kimoja, zikaweka mizani, zikaweka adhabu, na risiti inatolewa. (Mengine yanayotendeka kwenye mizani tuyaache kwa leo.) Kama tumeweza kwa lori la mfanyabiashara, kwa nini isiwezekane kwa kampuni za umeme?

6. Gharama

Kwa kifupi. Umeme ukipita nchi ya mtu kuna malipo ya kupita, na kuna upotevu njiani. Mwishowe vyote viwili vinaingia kwenye LUKU yangu, yaani umeme ninaolipia kabla ya kuutumia. Bei za umeme nchini kwetu hupitia mikutano ya wazi ya kukusanya maoni chini ya EWURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati na maji. Naomba masharti ya malipo ya njia za kuvuka mpaka nayo yaletwe kwenye mikutano hiyo kabla ya kusainiwa.

Waheshimiwa, visingizio navijua, vingine nimekwisha kuambiwa ana kwa ana.

Kwamba ni suala la usalama wa taifa. Nguzo za kilovoti 400 zinaonekana kutoka barabara kuu, na adui hahitaji kujua megawati ili azione. Nchi za Ulaya hutangaza kila siku kiasi ambacho kila mpaka unaweza kupitisha, na kanuni yao ya 2019 inataka angalau asilimia 70 ya uwezo wa njia ipatikane kwa biashara ya kuvuka mipaka, ili nchi isijifanye njia imejaa kumbe inaficha msongamano wake wa ndani. Siombi ramani za vifaa vya kinga wala nywila za kompyuta. Naomba namba za megawati.

Kwamba vikomo hubadilika kila saa, kwa hiyo haviwezi kutangazwa. Bei ya dola nayo hubadilika.

Kwamba soko la pamoja la umeme halijakomaa, tusubiri. Hiki ndicho kisingizio chenye uzito, nami nitakijibu kwa makini. Wenzetu wa kusini, katika SAPP, umoja wa gridi za kusini mwa Afrika ambao Tanzania ni mwanachama pia, wana soko la kununua umeme wa kesho tangu 2009. Soko la namna hiyo haliwezi kufanya kazi hata siku moja bila kila mpaka kutangaziwa kiasi kinachoweza kupita, kwa sababu ndicho kinachouzwa. Tukisubiri soko ndipo tuandike vikomo, watakaoingia wa kwanza ndio watakaoviandika, nao wataviandika kwa faida yao.

Na kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya gridi yake. Ni kweli. Lakini masafa ni yale yale, Nairobi na Dodoma, kwa sekunde ile ile. Mamlaka hayo mlishayagawana siku mliyofunga swichi ya Namanga.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kila njia ya kuvuka mpaka, na kila njia kubwa inayoilisha, itangaziwe kikomo chake cha kazi kwa kila saa ya siku inayofuata, pamoja na sababu yake: joto, volti au uthabiti. Kiasi kilichopita kweli kitangazwe siku ya pili yake. Kitangazwe kwa Kiswahili pia, maana wengi tunaolipa ndiyo lugha tunayosoma.

Kikomo hicho kiwekwe na pande zote mbili za waya kwa pamoja na kithibitishwe na bodi huru ambayo mshahara wake hautoki kwa kampuni inayouza umeme. Anayekizidisha bila dharura atozwe faini, na fedha hizo zipunguze gharama za mteja badala ya kupotelea kwenye mfuko mkuu. Aliyekizidisha kwa dharura aandike taarifa ndani ya siku 30, nasi tuisome.

Orodha ya mitaa inayokatwa kwanza masafa yakishuka ipitiwe upya kila mwaka, ikiwa na wawakilishi wa hospitali, maji na wenye viwanda vidogo mezani.

Na kumbukumbu za volti za kituo cha Kiyungi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, ziwekwe wazi kuanzia siku ambayo njia ya Namanga iliwashwa. Hili halihitaji kikao cha mawaziri. Mtumishi mmoja mwenye kompyuta analimaliza kabla ya chakula cha mchana, na ningeomba lianze hilo.

Nakala ya barua hii nimewapelekea wabunge wa mkoa wetu na viongozi wa wenye mashine za nafaka hapa Himo, ambao wameisoma na kukubaliana nayo, isipokuwa mmoja aliyeona nimekuwa mpole mno.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye mashine ya kusaga,
Himo, Kilimanjaro.